Mjumbe ni wa Nani? Historia Fupi ya Istilahi za Uwakilishi wa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu

Utangulizi

Katika vijiji vya Miono, nyuma ya pwani ya Bagamoyo, neno mjumbe halihitaji kufafanuliwa. Mtu akifiwa, akigombana na jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba, au akifikiwa na mgeni wa kulala, huambiwa aende kwa mjumbe. Kijana wa huko akipelekwa na masomo yake hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hulikuta neno lile lile likimngoja: mjumbe wa kamati, mjumbe wa baraza, mjumbe wa bunge la wanafunzi. Akiendelea hadi shahada ya pili au ya tatu, huambiwa kwamba yupo mjumbe anayemsemea katika vikao vya Chuo. Neno ni moja. Je, kazi nayo ni moja?

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi istilahi za kujitawala na kuwakilishwa kwa wanafunzi zilivyopata maana zake nchini Tanzania tangu mwaka 1961. Tutaonyesha kwamba utata wa neno mjumbe si utata wa kamusi peke yake. Swali lililofichwa ndani yake, yaani mjumbe ametumwa na nani na kwa nani, limepata kuvunja jumuiya na kukatiza masomo ya watu. Aidha tutaonyesha kwamba swali hilo linamgusa kwa namna ya pekee mwanafunzi aliyekwisha kuhitimu shahada ya kwanza na kurudi darasani.

Jumbe na Mjumbe

Yafaa tuanze pwani, kwa kuwa neno lenyewe lina historia ndefu huko. Kabla ya utawala wa Wajerumani, miji ya Mrima, tangu Bagamoyo hadi Winde na Saadani, ilikuwa na majumbe na madiwani. Jumbe alikuwa mkubwa wa mji. Aliamua mashauri, na mji ulipokuwa na neno la kumwambia mgeni, msafara au Sultani wa Unguja, jumbe ndiye aliyelisema. Wajerumani walipokwisha kuyashinda majeshi ya Abushiri bin Salim na ya Bwana Heri wa Saadani, waliyachukua majina ya vyeo waliyoyakuta wakayaingiza katika utawala wao: akida akawekwa juu ya vijiji vingi, jumbe akawekwa juu ya kijiji. Ilipoletwa kodi ya nyumba mwaka 1898, jumbe alikuwa miongoni mwa waliotumiwa kuikusanya. Jina halikubadilika, kilichobadilika ni upande aliouelekea jumbe. Zamani aliusemea mji mbele ya wageni. Sasa wageni waliuamrisha mji kwa kinywa chake.

Katika miaka ya 1960 chama cha TANU kilianzisha nyumba kumi kumi, na kiongozi wa kila kumi akaitwa mjumbe, au balozi. Huyu alichaguliwa na wenzake, akatakiwa kupeleka juu maoni yao na kuteremsha chini maagizo ya Chama. Baada ya kuingia kwa vyama vingi mwaka 1992, balozi alibaki kuwa kiongozi wa chama kimoja, na mwenyekiti wa kitongoji akawa ndiye anayechaguliwa na wakazi wote. Lakini ulimi wa watu umelihifadhi neno mjumbe.

Basi mjumbe ana nyuso mbili: ni aliyetumwa na watu kwa wakubwa, na ni aliyetumwa na wakubwa kwa watu. Neno mwakilishi ni la namna nyingine. Ni ndugu wa neno wakili, na wakili hupewa mamlaka na mwenye shauri. Mwenye shauri akiyaondoa mamlaka hayo, uwakili umekwisha. Mjumbe huenda akaitimiza kazi yake kwa kufikisha maneno tu. Mwakilishi hana budi kujibu mbele ya wale anaowasimamia.

Risala, Dai na Sharti

Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikianza na wanafunzi wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Mtihani wa kwanza mkubwa wa uwakilishi ulitokea tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwalazimisha wahitimu wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2, wakipokea asilimia 40 tu ya mishahara kwa sehemu kubwa ya muda huo. Maneno yao yalisomwa mbele ya Rais Nyerere. Kwa umbo yalikuwa risala. Kwa maudhui yalikuwa sharti. Wanafunzi 393 walifukuzwa, na Rais akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Hapa mwanaistilahi ana la kujifunza. Ombi, dai na sharti si visawe. Mwenye kuomba humwachia mwombwa uamuzi. Mwenye kudai hutaja haki yake. Mwenye kuweka sharti hutaja pia atakalolifanya asipotimiziwa. Kiongozi wa wanafunzi anayesimama mbele ya wakubwa bila kukubaliana na waliomtuma ni lipi kati ya hayo analolibeba, amejitwika mzigo asiojua uzito wake.

Mwaka 1967 lilianzishwa kundi la wanafunzi wa mrengo wa mapinduzi, lililojulikana kwa kifupi cha USARF, ambalo mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni wa Uganda. Jarida lake, lililotoka kwanza mwaka 1969, liliitwa Cheche. Jina la Kiswahili juu ya maandishi ya Kiingereza. Novemba 1970 kundi hilo na jarida lake vilipigwa marufuku. Kundi hilo halikuwa jumuiya ya uwakilishi, bali lilikuwa chama cha wenye imani moja. Tofauti hii ni ya msingi. Chama cha imani husema kile wanachama wake wanachokiamini. Jumuiya ya uwakilishi haina budi kumsemea hata yule asiyeipigia kura na asiyehudhuria mikutano yake.

Mjumbe Hauawi

Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilisimama peke yake baada ya kuvunjwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na jumuiya ya wanafunzi wake ikajulikana kwa jina la DUSO. Rais wake, Symonds Akivaga, mwanafunzi kutoka Kenya, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, barua ya wazi iliyolaumu jinsi Chuo kilivyokuwa kikiendeshwa. Julai 1971 alikamatwa na polisi akarudishwa kwao. Wanafunzi waligoma kuingia madarasani.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Maana ya methali hii ni kwamba maneno ni ya aliyetuma, na aliyetumwa hana kosa. Lakini ili methali imkinge mtu, ni lazima ijulikane kwamba kweli ametumwa. Je, Akivaga alisema yake au ya wanafunzi? Mgomo ulikuwa jibu la wanafunzi: walisema kwa vitendo kwamba maneno yale yalikuwa yao. Hata hivyo jibu hilo lilikuja baada ya mjumbe kwisha kuondolewa. Laiti pangekuwapo azimio la baraza, lenye tarehe na idadi ya kura, lililotangulia barua, pasingekuwa na nafasi ya kuuliza.

Tarehe 5 Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge. Mamia walifukuzwa, ingawa wengi walirudishwa baadaye, na DUSO ikavunjwa. Mahali pake pakaja MUWATA, muungano wa wanafunzi uliokuwa chini ya jumuiya ya vijana ya Chama cha Mapinduzi. Hapo ule uso wa pili wa mjumbe ukajitokeza waziwazi, kwa sababu kiongozi wa wanafunzi alichaguliwa na wenzake, lakini chombo alichokiongoza kilikuwa tawi la mti uliopandwa mahali pengine. Neno muungano lilikuwa zuri. Swali la nani ameungana na nani, na kwa ridhaa ya nani, halikujibiwa na jina. Wanafunzi wengi waliukataa muungano huo. Baada ya migomo na kufungwa kwa Chuo Mei 1990, ilizaliwa jumuiya ya DARUSO mwaka 1991, isiyokuwa tawi la chama chochote.

Serikali Isiyo na Serikali

Tangu wakati huo limeenea neno serikali ya wanafunzi, pamoja na jamaa zake: rais, waziri, bunge, spika. Neno hili lina fahari, nalo limewafundisha vijana wengi desturi za kuendesha mambo ya umma. Lakini lina kasoro mbili.

Kwanza, linaahidi nguvu lisizokuwa nazo. Chombo hiki hakitozi kodi, hakina polisi, na katiba yake haiwi katiba mpaka ikubaliwe na Baraza la Chuo. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba ana serikali hudhani kwamba serikali hiyo inaweza kuamuru kilichokwama kifunguliwe. Asipofunguliwa, humwita rais wake msaliti. Pili, neno serikali huwageuza waliochaguliwa kuwa watawala wa wenzao. Waziri huhudumiwa, mwakilishi huhudumu. Ahadi za TANU ziliita cheo dhamana, na dhamana ni kitu cha mtu mwingine kilichowekwa kwako ukitunze.

Ajabu ni kwamba msamiati ulio sahihi zaidi upo tangu zamani katika kijiji alichotoka mwanafunzi. Kwa Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975, na sheria ya serikali za mitaa iliyoifuata mwaka 1982, kijiji kina mkutano mkuu wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na kina halmashauri ya wajumbe 15 hadi 25. Halmashauri hutenda, mkutano mkuu huihoji. Mkulima wa Miono hahitaji kufundishwa ni kipi kati ya hivyo viwili kilichozaa kingine.

Jirani zetu nao wanalipitia swali hili. Nchini Kenya, sheria ya vyuo vikuu iliyorekebishwa mwaka 2016 iliondoa uchaguzi wa moja kwa moja wa viongozi wa wanafunzi, ikaweka wajumbe wanaochaguliwa na wanafunzi ili nao wawachague viongozi. Waliounga mkono walitaja utulivu; waliopinga walisema kwamba wajumbe wachache ni rahisi kununuliwa kuliko umma. Kwa mara nyingine neno mjumbe liko katikati ya ugomvi.

Mwanafunzi Aliyehitimu

Sasa tumtazame mwanafunzi wa shahada za juu. Hata jina lake halijatulia. Wengine husema shahada ya uzamili na wengine shahada ya umahiri. Kwa shahada ya tatu pana uzamivu na uzamifu. Tena yeye ni mhitimu na bado ni mwanafunzi, jambo ambalo kwa masikio ya wengi ni kama kusema mvuvi amefika pwani na bado yuko baharini.

Shida zake si zile za mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hasumbuliwi sana na kitanda cha bweni wala foleni ya chakula; husumbuliwa na msimamizi asiyerudisha sura za tasnifu kwa miezi mingi, na kibali cha utafiti kinachochelewa, na ada inayoongezeka kila mwaka unaopita bila utetezi. Katika jumuiya moja ya wanafunzi wote yeye ni wa kundi dogo, na kura za wengi humpita kama maji ya mto yapitavyo jiwe. Tena huenda akawa mhadhiri msaidizi katika chuo kile kile anachosoma. Akidhulumiwa, alalamike kama mwanataaluma kupitia jumuiya ya UDASA, au kama mwanafunzi kupitia DARUSO? Asiyejua mlango wake hubaki nje ya nyumba mbili.

Kwa hiyo jumuiya ya wanafunzi wa shahada za juu, popote iundwapo, inahitaji istilahi zilizopimwa. Neno akidi liwekewe maana inayomjali mwanachama aliye mbali, kwa kuwa siku ya mkutano nusu ya wanachama huenda wako utafitini, na mmoja wao pengine yuko Miono akiwahoji wazee. Kukaimu kufafanuliwe, maana viongozi huhitimu kabla ya muda wao kwisha. Mgongano wa maslahi utajwe kwa jina lake, ili mwakilishi asiketi katika kikao kinachomjadili msimamizi wake mwenyewe.

Hitimisho

Kutokana na maelezo haya tunapendekeza mambo matatu. Neno mwakilishi litumike kwa mtu aliyechaguliwa na wanafunzi awasemee na awajibu. Neno mjumbe lisitumike peke yake katika katiba za wanafunzi, bali litajwe pamoja na aliyemtuma: mjumbe wa wanafunzi katika Seneti, si mjumbe wa Seneti tu. Na mahali pa serikali ya wanafunzi pawe na jumuiya kwa maana ya wote, mkutano mkuu kwa maana ya kikao cha wote, baraza la wawakilishi kwa maana ya waliochaguliwa, na halmashauri kwa maana ya watendaji.

Hatudhani kwamba neno likisahihishwa dhuluma itakoma. Lakini tumeona kwamba mwaka 1971 na mwaka 1978 wanafunzi walilazimika kujibu kwa migomo na maandamano swali ambalo katiba zao zingeweza kulijibu kwa mstari mmoja. Hapana budi katiba hizo ziandikwe pia kwa Kiswahili, lugha ambayo wanafunzi huitumia wanapoombana kura, ili kila mpiga kura aweze kumwuliza mjumbe wake mambo mawili ambayo mwanakijiji huuliza bila kusoma sheria yoyote: umetumwa na nani, na umerudi na jibu gani? Tunawaomba wasomaji, hasa waliopata kushika uongozi wa wanafunzi, watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya.