Kitu kibovu kikiumiza mutu, nani analipa?

Tuseme mutu wa Karavia, hapa Lubumbashi, ananunua chupa ya gazi. Chupa inavuja, moto unawaka na kuchoma mutoto wa jirani. Nani atalipa hospitali?

Mununuzi ana mapatano na muuzaji. Kitu kikiwa na kasoro iliyofichika, muuzaji anarudisha bei, hata kama hakuijua. Kama aliijua akanyamaza, analipa na hasara yote. Lakini mununuzi asikawie kushitaki, kwa sababu sheria inamupa muda mufupi.

Mutoto wa jirani hakununua kitu. Yeye analindwa na Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo tribinali zingali zinaitumia. Kifungu cha 258 kinasema: mwenye kuleta hasara kwa kosa lake anapaswa kuilipa. Cha 259 kinaongeza uzembe na kukosa uangalifu. Cha 260 kinamugusa mwenye kuwa na kitu chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo wazazi wanaweza kushitaki muuzaji, mwenye kuingiza bidhaa ao kiwanda, na hata mununuzi mwenyewe anaweza kuitwa.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Kwa kifungu cha 258, lazima kuonyesha kosa, hasara, na kwamba hasara ilitokana na kosa lile. Katika Umoja wa Ulaya, tangu sheria yao ya 1985, aliyeumia haombwi kuonyesha kosa la kiwanda. Anaonyesha kasoro ya kitu na hasara iliyotokana nayo.

Ituri inafundisha jambo moja. Kuanzia mwisho wa 2014 mpaka 2015, mamia ya watu kule walikakamaa shingo na uso. Kwanza ilidhaniwa ni meninjiti. Maabara ilipopima vidonge vilivyouzwa kama diazepam, ilikuta haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili. Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa tahadhari Julai 2015. Vidonge vyenyewe vilisaidia ukweli kujulikana.

Basi, kitu kikikuumiza, usikitupe wala kumurudishia muuzaji bila karatasi. Chunga fakitire, piga picha, omba karatasi ya munganga, andika majina ya mashahidi, kisha uone avoka. Mutu akiumia ao kufa kwa uzembe, parke pia inaweza kufungua kesi, na familia inaweza kudai malipo ndani ya kesi hiyohiyo.