Hita ya maji inapoharibika: mwongozo kwa wakazi na wafanyabiashara wa Rusizi

RUSIZI – Hita ya maji ya umeme ikiacha kupasha, si lazima iwe imekufa. Mara nyingi kilichoharibika ni kipuri kimoja, na kukitambua kabla ya kwenda dukani Kamembe kunaokoa bei ya hita nzima.

Kwa Rusizi, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu hadi mabadiliko ya utawala ya 2006, jambo hili lina uzito wa kibiashara. Mizigo iliyoshushwa bandari ya Dar es Salaam au Mombasa ikishafika Kigali, bado ina zaidi ya kilomita 200 za barabara hadi Kamembe, na njia kuu hupita msitu wa Nyungwe. Gharama ya safari hiyo huingia katika bei ya tangi. Thermostati huingia mfukoni.

Usalama kwanza

Kabla ya kufungua kifuniko, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, na fundi athibitishe kwa testa kwamba waya hauna moto. Kuzima swichi ya bafuni pekee hakutoshi. Ikiwa mtu amepigwa shoti aliposhika bomba, hita ibaki imezimwa hadi koili na waya wa erthi vikaguliwe. Kadhalika, swichi kuu ikijikata kila hita inapowashwa, isilazimishwe. Huenda koili imepasuka na umeme unavujia kwenye maji.

Dalili na chanzo

Maji yakiwa baridi kabisa, kwanza ihakikishwe kuwa umeme unafika kwenye hita. Kisha itazamwe thermostati, ambayo aina nyingi zina kitufe cha usalama kinachoruka joto likizidi. Kikibonyezwa na hita ikafanya kazi, kisha kikaruka tena, thermostati imeharibika na inafaa kubadilishwa. Kitufe kikiwa sawa, ipimwe koili. Koili ya wati 1,500 kwa umeme wa volti 230 husoma takriban omu 35. Mita isiposoma chochote, koili imekatika.

Maji yakiwa vuguvugu au yakichelewa, chanzo huweza kuwa chokaa iliyoganda kwenye koili, au thermostati iliyowekwa chini mno. Kipimo cha kulinganisha ni hiki: hita ya lita 50 yenye koili ya wati 1,500 huhitaji takriban saa 1 na nusu kupasha maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi, na hutumia umeme wa kama uniti 2.3. Ikichukua muda mrefu zaidi ya hapo, kuna kasoro.

Valvu ya usalama ikidondosha maji wakati hita inapasha, kwa kawaida si ugonjwa. Maji yanapopata moto hutanuka, na lita 50 huongezeka kwa robo tatu ya lita hivi. Ikidondosha usiku na mchana, valvu imechoka au msukumo wa maji ya bomba ni mkubwa mno. Kosa la hatari ni kuiziba. Thermostati ikishindwa kukata umeme huku valvu imezibwa, tangi linaweza kupasuka kwa kishindo na kuua.

Tangi lenyewe likivuja kutokana na kutu, hapo ndipo hita mpya inahitajika. Kuchomelea hakudumu. Kinachochelewesha siku hiyo ni fimbo ya magnesi iliyomo ndani, ambayo huliwa na kutu badala ya chuma. Ikaguliwe kila mwaka na ibadilishwe inapokwisha.

Kununua kipuri

Kipuri cha zamani kipelekwe dukani. Kinacholinganishwa ni wati, volti, idadi ya matundu ya boliti na urefu wa koili. Raba mpya inunuliwe pamoja na koili. Baada ya ufungaji, bomba la maji moto liachwe wazi hadi maji yatoke mfululizo bila hewa, ndipo umeme uwashwe. Koili ikiwashwa bila maji huungua. Risiti ya EBM itunzwe, kwani ndiyo uthibitisho wa ununuzi pale kipuri kinaporudishwa.

Kwa waagizaji na wasafirishaji

Forodha haihesabu vipuri hivi kama hita. Hita ya umeme ina namba 8516.10, koili 8516.80, thermostati 9032.10 na valvu ya usalama 8481.40. Hita ya jua, tangu marekebisho ya 2022, ni 8419.12. VAT nchini Rwanda ni asilimia 18.

Cheti rahisi cha uasilia cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Koili iliyotengenezwa China haipati nafuu hiyo kwa sababu tu imenunuliwa nchi jirani.

Matangi mengi yamepakwa enameli ndani. Likidondoshwa, enameli hupasuka bila alama kuonekana nje, na kutu huanza hapo. Katoni zisafirishwe kwa upande ulioelekezwa na mshale, zisirundikwe chini ya saruji, na iliyobonyea ikaguliwe kabla ya kusaini hati ya kupokea mzigo. Baada ya saini, ni vigumu kuthibitisha kuwa tangi liliharibikia njiani.