Msumeno wa meza na hesabu ya vidole

Ndugu zangu, kwa wale wenye kakarakana kao ka nyumbani, kabla ya kununua msumeno mpya wa meza tuitazame historia yake kidogo. Mwaka 1777 Samuel Miller wa Southampton, Uingereza, alipata hataza iliyotaja msumeno wa mviringo. Mwaka 1939 kampuni ya Delta ya Marekani ikatoa Unisaw: kinachoinama ni diski, si meza, hivyo ubao unalala sawa hata ukikatwa mshazari. Yote hayo ni kasi na unyoofu. Vidole je? Fundi ajilinde mwenyewe!

Mpaka 1999, Steve Gass, mwanasheria mwenye udaktari wa fizikia, akabuni breki: diski ina umeme mdogo, ikigusa ngozi inasimama kwa kama sekunde 0.005 tu. Watengenezaji wakubwa hawakuichukua, basi akaunda SawStop, misumeno ikaanza kuuzwa 2004. Ni ghali kweli, na breki ikishafyatuka unanunua nyingine, mara nyingi na diski pia. Lakini jamani, kidole kimoja hakivunji chawa. Anayebadili msumeno asipime nguvu za mota peke yake.