Sifa ya Kilatini katika Jina la Nyati wa Rungwa

Nyati wa Pori la Akiba la Rungwa, mkoani Singida, kwa jina la kitaalamu ni Syncerus caffer. Neno la kwanza ni nomino, la pili ni sifa. Sifa hii ina maumbo matatu: caffer kwa jinsi ya kiume, caffra kwa jinsi ya kike, na caffrum kwa jinsi isiyo ya kiume wala ya kike. Kama sifa ya Kiswahili ifuatavyo ngeli ya nomino yake, ndivyo na hii. Ila Kiswahili hugeuza mwanzo wa neno, na Kilatini hugeuza mwisho. Syncerus ni ya kiume, basi ikawa caffer. Sclerocarya, yaani mng'ong'o, ni ya kike, na aina yake moja ikaitwa caffra.

Herufi c hapa hutamkwa k, f zote mbili husikika, na mkazo huangukia silabi ya kwanza: káf-fer, káf-fra.

Asili ya neno si Roma. Ni neno lile lile la Kiarabu lililoleta kafiri katika Kiswahili. Waislamu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara wasiofuata dini yao. Wareno wakalichukua wakasema cafre, na huko kusini Wazungu wakalifanya jina la watu weusi. Mwaka 1779 Anders Sparrman, Mswidi aliyesafiri katika nchi ya Rasi, alimwita nyati Bos caffer. Baadaye neno hilo likawa tusi zito Afrika Kusini.

Julai 2024, mjini Madrid, wataalamu wa mimea waliamua kwa kura 351 dhidi ya 205 kwamba caffra iwe afra, na caffrum iwe afrum. Afer ni sifa ya kale yenye maana ya "wa Afrika". Ndilo jina alilokuwa nalo Terentius, mtunzi wa michezo ya Kirumi. Sarufi haikuharibika: miisho ni ile ile na mkazo haukuhama, zimeondoka k na f moja tu.

Lakini kanuni za majina ya wanyama ni mbali na za mimea. Kwa hiyo tusi limeondolewa katika jina la mti, na nyati wa Rungwa angali analo.