Pishi Ilitangulia Chama: Wachumaji wa Karafuu Pemba na Safari ya Kuungana

Karafuu haingoji. Tumba likishapevuka na kuanza kuwa na wekundu, mwenye shamba amebakiwa na siku chache tu kabla ua halijafunguka. Likifunguka hasara imeshaingia, kwa sababu kinachouzwa ni tumba lililokaushwa. Kwa hiyo kila msimu, tangu mikarafuu ilipoenea Pemba, upo wakati mfupi ambao tajiri wa shamba anamhitaji mchumaji kuliko mchumaji anavyomhitaji yeye. Historia ya wafanyakazi wa kisiwa hiki inaanzia hapo mtini. Naamini tumeisoma vibaya kwa sababu tumezoea kuianzia ofisini, penye muhuri na daftari la wanachama.

Kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba karibu yote imesimama. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao, na kwa miaka mingi zaidi ya robo tatu ya karafuu za Zanzibar zimetoka kwenye vilima vyake. Waliozichuma wakati huo walikuwa watumwa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya utumwa, lakini amri yenyewe ilikuwa nzito kwa aliyekusudiwa: ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, ikamlipa fidia bwana, ikawaacha masuria nje mpaka mwaka 1909. Mwaka huohuo wa 1897 Waquaker wa Uingereza walifungua misheni ya kazi za mikono huko Banani, karibu na Chake Chake, chini ya Theodore Burtt, wakawapokea baadhi ya walioacha kwa mabwana.

Waliobaki mashambani waliingia katika mapatano mapya. Mtu alipewa kipande cha ardhi alime muhogo, naye akatoa siku kadhaa za kupalilia chini ya mikarafuu. Uchumaji ulikuwa jambo jingine kabisa. Huo ulilipwa kwa pishi, yaani vibaba vinne, na bei ya pishi ilipandishwa na wingi wa karafuu na uchache wa mikono. Msimu ukija mkubwa, mchumaji alihama shamba hili kwenda lile kwa tofauti ndogo ya ujira. Wahadimu kutoka Unguja walivuka bahari kuja Pemba, na watu wa bara, Wanyamwezi wakiwamo, nao wakaja. Maofisa wa kikoloni waliyaona haya wakayaita uvivu na uzururaji. Mimi nayaona ni mapatano ya kazi, yaliyofanywa na watu ambao jana yake hawakuwa na haki hata ya kutaja bei ya jasho lao.

Ubishi wenyewe haukuwa wa fedha peke yake. Mchumaji alitaka apimiwe pishi ya mfuto, iliyosawazishwa juu; msimamizi alipenda iliyorundikwa mpaka ikamwagika. Katika kila pishi, ile karafuu ya juu ya mdomo wa kipimo ilikuwa kazi isiyolipwa. Kisha palikuwa na kuchambua: karafuu hutenganishwa na makonyo, vile vijiti vinavyoshika matumba, jioni, baada ya kuchuma, mara nyingi na wanawake na watoto, na kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ni sehemu ya ileile ya mchana. Mtu asiyewahi kukaa usiku kwenye dago, yaani kambi ya muda ya wachumaji, taa katikati na vidole vimefanya gundi, anaweza kudhani jambo hili ni dogo.

Waliotangulia kuungana rasmi walikuwa wenye mikarafuu. Mwaka 1927 kiliundwa Chama cha Wakulima wa Karafuu, ambacho wazee wengi wa Pemba bado wanakiita CGA, na miongoni mwa malengo yake ya mwanzo lilikuwamo la kupunguza gharama ya uchumaji. Yaani chama cha kwanza kikubwa katika zao hili kiliundwa, pamoja na mengine, ili bei ya pishi isipande. Sheria za mwaka 1934 zikakipa nguvu juu ya biashara ya nje, wafanyabiashara wa Kihindi wakaona wanasukumwa nje ya soko, wakaigomea karafuu mwaka 1937. Chama cha Congress cha India kikaunga mkono mgomo huo hadi mapatano ya 1938. Maandishi ya ugomvi ule ni mengi: kuna tume, ripoti na barua baina ya Zanzibar, London na Delhi. Ndani yake tajiri wa shamba anasikika, mfanyabiashara anasikika na Serikali inasikika. Mchumaji anatajwa kama gharama.

Ulaya kwa wakati huo waoka mikate, wachinjaji, watengenezaji wa bia na wenzao walikuwa tayari wameungana kuvuka mipaka ya nchi zao. Mwaka 1920, mjini Zürich, walianzisha shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa chakula na vinywaji, ambalo leo linajulikana kwa herufi IUF. Lilianza na wafanyakazi wa viwandani na madukani, watu wenye mlango mmoja wa kuingilia kazini na tajiri mmoja wa kumlalamikia. Ilichukua mpaka mwaka 1994 kwa shirikisho hilo kuungana na lile la wafanyakazi wa mashamba makubwa, na hivyo kukubali rasmi kwamba anayechuma na anayesindika wamo katika safari moja ya chakula. Pemba jambo hilo lilikuwa wazi siku zote: karafuu iliyotoka Wete au Mkoani iliingia kwenye pilau na nyama za watu wa mbali, na mafuta yake kwa miaka mingi yalitumiwa kutengenezea ladha ya vanila.

Vyama vya wafanyakazi Zanzibar vilizaliwa bandarini. Vita Kuu ya Pili ilipandisha bei za vyakula na mishahara ikabaki nyuma. Mwezi Agosti 1948 makuli wa kampuni ya African Wharfage mjini Unguja waligoma, na kufika Septemba mgomo ukawa wa mji mzima, wapishi na maboi wa majumbani wakiwamo. Serikali ililazimika kuitazama mishahara upya. Naupa mgomo ule uzito mkubwa, kwa sababu uliwaonyesha watu wa visiwa hivi kwamba kuli asiye na cheo anaweza kuusimamisha mji.

Miaka kumi baadaye vyama vilikuwa vingi, na kila kimoja kilikuwa na mlezi wa kisiasa. Shirikisho la Wafanyakazi la Zanzibar na Pemba, ZPFL, ambalo Hassan Nassor Moyo, fundi seremala aliyekuja kuwa waziri, alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu, lilikuwa karibu na Afro-Shirazi Party (ASP). Upande wa pili lilikuwapo Shirikisho la Vyama vya Maendeleo, FPTU, la kina Ahmed Badawi Qullatein, lililoanza likiwa karibu na chama cha Hizbu (ZNP) na baadaye likafuatana na Abdulrahman Babu kwenye Umma Party mwaka 1963. ZPFL lilielekea kwa shirikisho la kimataifa la nchi za Magharibi na FPTU kwa lile la Mashariki. Vita baridi viliingia mpaka kwenye madaftari ya ada za makuli na wapishi.

Jina la Pemba lilikuwamo kwenye bango, lakini mfanyakazi mkuu wa Pemba hakuwamo. Sababu moja ni kwamba vyama hivi vilishika penye mshahara wa mwezi: bandarini, kwenye idara za Serikali, mahotelini, kwenye karakana. Sababu ya pili ni ya Pemba yenyewe, nayo naiona ndiyo kubwa zaidi. Hapa mikarafuu haikumilikiwa na matajiri wachache peke yao. Wapemba wengi walikuwa na miti yao, mitano au hamsini, na mtu aliyechuma kwa ujira shamba la jirani asubuhi alikuwa mwenye karafuu zake kwenye jamvi nyumbani. Angegoma dhidi ya nani? Tajiri alikuwa mjomba, au baba mkwe, au mwenzake wa msikitini. Tanganyika, ambako wakata mkonge waliishi kambini chini ya kampuni moja, chama cha wafanyakazi wa mkonge na mashamba kilikua mpaka kikaitia hofu Serikali, na kiongozi wake Victor Mkello akaja kupelekwa Sumbawanga mwaka 1963. Pemba haikuwa na kambi za namna hiyo. Ilikuwa na madago ya msimu, yanayofumuka mvua ikikata na karafuu ikiisha.

Siasa nazo zilimaliza nafasi iliyobaki. Jumuiya ya Washirazi, iliyokuja kuingia katika ASP, ilianzia Pemba mwishoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1959 Mohammed Shamte na wenzake walijitenga na ASP wakaunda chama cha ZPPP. Kutoka hapo chama cha wafanyakazi chenye harufu ya ASP kilipata shida kuingia kijijini Pemba, na chenye harufu ya Hizbu kilionekana ni cha wenye mashamba. Mchumaji aliyetaka bei nzuri ya pishi aliulizwa kwanza kura yake.

Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yalileta shirikisho moja la kimapinduzi mahali pa yale mawili. Halikukaa miaka mingi. Kazi za kuwasemea wafanyakazi zikawa chini ya ASP. Ardhi ilitaifishwa, watu wakagawiwa eka tatu tatu, na mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, mnunuzi pekee wa karafuu. Sasa palikuwa na mlango mmoja na tajiri mmoja, jambo ambalo chama chochote cha wafanyakazi kingeliombea. Lakini tajiri huyo alikuwa Dola, na Dola ndiyo iliyokuwa na chama. Wanafunzi na watumishi wa Serikali walitolewa kwenda kuchuma msimu ulipokuwa mkubwa. Mkulima alilipwa sehemu ndogo ya bei ya nje, na kilichobanwa kwa mkulima kilibanwa mara ya pili kwa mchumaji. Jibu la Pemba halikuwa mgomo wa mabango. Karafuu zilipita usiku kwa ngalawa kwenda pwani ya Kenya, pamoja na ukali wote wa adhabu ya magendo. Indonesia, mnunuzi mkubwa kwa ajili ya sigara zake za kretek, ilipojitosheleza katika miaka ya 1980, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakaachwa yakimea magugu.

Katika miaka hiyohiyo ya 1980 kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo kilikuwa kikifanya kazi Wawi, nje kidogo ya Chake Chake. Mafuta hukamuliwa hapo kutokana na makonyo, na pia kutokana na mchaichai, mkaratusi na majani ya mdalasini. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha kasoro yote ya historia hii mahali pamoja. Anayekoleza moto wa kukamulia konyo ni mwajiriwa wa shirika la umma. Sheria inamtambua, na chama kinaweza kumwandikisha. Aliyepanda mti wa mita kumi na zaidi kulichuma konyo hilohilo ni kibarua wa msimu, asiye na karatasi.

JUWATA iliyoanzishwa mwaka 1978 ilikuwa jumuiya ya CCM kwa wafanyakazi wa bara na visiwani. Mfumo wa vyama vingi ukaivunja, na Zanzibar ikapata sheria yake ya vyama vya wafanyakazi mwaka 2001. Shirikisho la sasa, ZATUC, lilizaliwa mwaka 2003, kisha zikaja Sheria ya Mahusiano Kazini na Sheria ya Ajira za mwaka 2005. Ni hatua ya kweli: mwalimu, muuguzi, mhudumu wa hoteli, kila mmoja ana pa kwenda. Hata hivyo sheria zote hizi zinaanza na mwajiri na mwajiriwa. Mikarafuu ya Serikali hukodishwa kwa msimu. Mkodishaji hutafuta kiongozi wa kundi, naye hutafuta wachumaji. Kwenye mnyororo huo ukiuliza mwajiri ni nani, kila mmoja atamwonyesha mwenzake.

Baada ya 2010, chini ya Rais Ali Mohamed Shein, mkulima aliahidiwa asilimia 80 ya bei ya soko la nje, na ikafuata Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya mwaka 2014 pamoja na mfuko wake. Katika miaka hiyo ulianza pia utaratibu wa kuwasaidia kwa fedha wanaoanguka mikarafuu. Kila Mpemba anamjua mtu aliyeanguka, aliyevunjika nyonga au asiyeinuka tena, na kwa zaidi ya miaka mia moja gharama hiyo ilibebwa na mama yake au mkewe. Fedha hizo ni haki iliyochelewa. Lakini zimekuja kama msaada kutoka juu, hazikuja kama mkataba, na kinachotolewa kwa hisani kinaweza kupunguzwa bila kumuuliza aliyevunjika.

Sasa hadithi ileile imehamia ufukweni. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kikafika Pemba, na Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Wengi wa wanaoingia majini ni wanawake. Mwani unakwenda kutengenezewa kiungo cha kutia uzito maziwa na aiskrimu, kwa hiyo wanawake hawa nao ni wafanyakazi wa chakula hata kama hawajapata kukiona kiwanda. Kwa miaka mingi kampuni iliwapa kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mbegu, ikawataka waiuzie yenyewe, kwa bei iliyoitaja yenyewe. Maji yamezidi joto, na cottonii, aina yenye bei, inakufa. Wanawake hawa wana vikundi, wana vyama vya akiba, wanazikana na kuozeshana pamoja. Serikali imejenga kiwanda cha mwani Chamanangwe, na hapo watapatikana waajiriwa wenye barua za kazi.

Swali lililo mbele ya ZATUC na vyama vyake ni kama daftari la wanachama litaishia kwenye geti la Chamanangwe na la Wawi, au litafika kwenye dago na kwenye maji ya kupwa. India wanawake wauza mboga na wenzao wa Ahmedabad waliandikishwa kama chama cha wafanyakazi mwaka 1972, kwa jina la SEWA, ingawa wengi wao hawakuwa na mwajiri. Msajili aliuliza watagombana na nani. Wakajibu kwamba wanaungana kwa ajili yao wenyewe kwanza. Pemba sharti la msingi la jambo hilo lipo tayari, kwa kuwa kila msimu wachumaji hukubaliana bei ya pishi kwa mdomo kabla hawajapanda, na aliye nje ya makubaliano anajulikana. Kuyaandika makubaliano hayo, kwa kipimo cha mfuto, na kuweka ndani yake malipo ya anayeanguka, ni kazi ya msimu mmoja kwa shirikisho lenye nia.