Herufi Moja Tu

Wasikilizaji, kuna sifa mbili za Kiingereza ambazo hutusumbua hata sisi walimu: venal na venial. Zote zatoka katika Kilatini, lakini si ndugu. Venial asili yake ni venia, yaani msamaha. Kosa la namna hiyo ni dogo, lasameheka. Venal asili yake ni venum, yaani mauzo. Ndiyo sifa ya mtu auzaye haki kama samaki sokoni. Mtu wa namna hiyo alikuwa Verres, liwali wa Kirumi katika Sicily. Cicero alimshtaki mwaka 70 kabla ya Kristo, kwa kuwanyang'anya watu mali na kuuza hukumu. Naye hakungoja kesi iishe, akakimbilia Massilia. Basi mwanafunzi aandikapo habari za hakimu aliyekosa kidogo, akaisahau ile i, amekwisha kumwita mla rushwa.