Amri za ‘Kuja!’ na ‘Kwenda!’ zilivyomeza adabu ya Kiswahili chetu

Kila mjadala wa adabu unapozuka nchini, lawama huangukia vijana. Eti hawaamkii wakubwa, hawaombi radhi, hawashukuru. Majirani zetu Watanzania nao hutucheka kwamba Mkenya akiingia mkahawani haombi chai, huiamuru: “Leta chai!” Naam, ukavu huu upo. Lakini ni mkongwe kuliko Sheng na simu za mkononi.

Pwani, Kiswahili kilikuwa na malezi yake. Mgeni hupiga hodi akangoja karibu. Mdogo husema shikamoo, mkubwa akaitikia marahaba. Asubuhi ni sabalkheri, jioni masalkheri. Katika karne ya 19, Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi ambao hadi leo husomwa kama hazina ya mafunzo ya adabu. Hata sarufi inafunza upole: badili irabu ya mwisho ya “soma” upate “naomba usome”, na amri imekuwa ombi.

Kiswahili kilifika bara kwa njia nyingi, ikiwemo misafara ya biashara. Hata hivyo, kwa Wakenya wengi wa bara kilikuja na kazi ya kuajiriwa. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika Nairobi 1899 na Ziwa Victoria 1901. Nyuma yake yakaja mashamba ya walowezi, na humo kikakua Kisetla, Kiswahili cha bwana na mtumwa wake wa mshahara. Mwaka wa 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha kufunza Kiswahili cha bara. Anwani yake iliwataja walengwa: mwanajeshi, mlowezi, mchimba migodi, mfanyabiashara na wake zao. Wengi wa hawa walihitaji lugha ya kutuma na kuagiza, si ya kuketi na Mwafrika wakapiga gumzo.

Katika lugha hiyo, kitenzi-jina kiligeuka amri. Badala ya “njoo” ikawa “Kuja!” Badala ya “nenda” ikawa “Kwenda!” Mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa “boi”. Heshima ilikuwepo, ila ilipanda juu tu: Mwafrika alitakiwa kusema Bwana na Memsaab, naye hakurudishiwa chochote.

Uhuru ulipatikana 1963, lakini amri zile hazikupanda meli. “Kwenda huko!” ingali tusi letu la kila siku. Na ukitaka kusikia Kisetla kikiwa hai, sikiliza baadhi yetu tunavyosema na yaya, mlinzi au mhudumu wa hoteli: “Wewe, kuja hapa!” Ajabu ni kwamba msemaji huyo huyo akipigiwa simu na mamake, sauti hulainika, akaanza na “mulembe” au “chamgei” na kuulizia hali ya kila mtu bomani. Kwa hivyo Mkenya si mtovu wa adabu. Adabu aliifunzwa kwa lugha ya nyumbani, Kiingereza akakipata darasani, na Kiswahili akakirithi mahali pa kutumwa na kukaripiwa.

Wapo wanaodai kwamba shikamoo yenyewe inanuka utumwa, kwa hivyo tusiililie. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, maana jamii ya pwani nayo ilikuwa na matabaka na watumwa. Ila tazama jinsi maamkizi haya yanavyofanya kazi. Shikamoo hudai marahaba, hodi hudai karibu. Mkubwa asiyeitikia ndiye anayeonekana hana adabu. “Kuja!” haidai jibu lolote, ila miguu ya kukimbia.

Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka wa 1985 na kukifanya Kiswahili somo la lazima, watoto wetu wamekariri maamkizi na majibu yake ili wapate alama. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Mtoto anayeandika “tafadhali” kwenye karatasi ya mtihani kisha amsikie babake akimfokea makanga, atamwiga nani? Kabla hatujawasuta vijana, tuanze kumwambia yaya: “Naomba uniletee maji.” Akileta, tumwambie asante.